Draiva: programu inayoifanya kompyuta ielewane na mizani, na jinsi kijana wa Nassa anavyoweza kujifunza kuiandika

Msimu wa pamba ukifika, kitu kinachotazamwa kwa macho makali kuliko vyote pale kituoni ni kioo cha mizani. Mizani za kuning'iniza zinapungua, za kidijitali zinaongezeka. Namba zinawaka, karani anazisoma kwa sauti, anaziandika kwa kalamu kwenye stakabadhi, na baadaye mtu mwingine anaziingiza kwenye kompyuta ya chama au ya mnunuzi. Kilo 47 imepita kwenye jicho, mkono, karatasi na mkono mwingine kabla haijawa fedha ya mkulima. Njiani 7 inaweza kugeuka 1, bila hata mtu kuwa na nia mbaya.

Ukiigeuza mizani nyingi za aina hiyo utakuta nyuma yake tundu la waya. Tundu hilo halijawekwa pale kama pambo. Linatoa uzito uleule unaoonekana kwenye kioo, kwa maandishi, kwa ajili ya kompyuta. Kinachokosekana mara nyingi ni waya wa shilingi chache na programu ndogo ya kuufanya waya huo ueleweke. Programu ya namna hiyo huitwa draiva, na wengine kwa Kiswahili huiita kiendeshi.

Wasikilizaji wametuuliza zaidi ya mara moja kama kazi ya kuandika draiva inaweza kujifunzwa na mtu aliyeko huku kwetu, mwenye simu, bando la mawazo, na pengine laptopu ya mtumba. Jibu letu ni ndiyo, ila si kwa wiki mbili, na si kwa simu peke yake. Tuanze mwanzo.

Mkalimani aliye ndani ya kompyuta

Fikiria bibi wa Nassa anayejua Kisukuma tu, na daktari mgeni anayejua Kiswahili tu. Wote wana akili timamu, wote wana jambo la kusema, lakini bila mkalimani hakuna matibabu. Kompyuta ni daktari huyo. Printa, mizani, kamera na kibodi kila kimoja ni bibi mwenye lugha yake. Draiva ndiye mkalimani. Kompyuta ikisema "andika ukurasa huu", draiva inageuza amri hiyo kuwa ishara ambazo kifaa kile, cha kampuni ile, kinazifahamu.

Ndiyo maana kifaa kizima kisicho na hitilafu kinaweza kukaa mezani kama jiwe. Kifaa ni kizima, mkalimani ndiye hayupo.

Katikati ya kila kompyuta kuna mfumo endeshi, na katikati ya mfumo huo kuna sehemu inayoitwa kerneli, yaani kiini chake. Kerneli ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua programu ipi ipate zamu, na inayoshika funguo za vifaa vyote. Draiva nyingi zinakaa humo ndani ya kerneli. Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo na ndipo hatari yake ilipo pia: programu ya kawaida ikikosea inajifunga yenyewe, lakini draiva ikikosea inaweza kuiangusha kompyuta nzima.

Huhitaji kwenda mbali kuiona kerneli. Kama simu unayosomea makala haya ni ya Android, basi ndani yake kuna kerneli ya Linux. Kidole chako kikigusa kioo, draiva ya kioo inaipa kerneli habari kwamba pameguswa mahali fulani. Spika, kamera, betri na laini vyote vina draiva zake. Umekuwa ukitumia kazi ya watu hawa kila siku bila kuwajua.

Habari ya printa moja ya Marekani

Linux ni mfumo huria. Maana yake si "bure" peke yake, ingawa ni kweli hulipii. Maana kubwa ni kwamba maandishi ya programu yenyewe, yale ambayo mtunzi aliyaandika, yako wazi. Unaruhusiwa kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa.

Wazo hilo lina uhusiano wa karibu na draiva kuliko watu wengi wanavyojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT huko Marekani. Maabara ilipata printa mpya ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama, na watu walikuwa wakienda kuchukua kazi zao na kukuta hazijachapwa. Printa ya zamani Stallman alikuwa ameirekebisha programu yake ili itoe taarifa karatasi ikikwama. Ya mpya hakuweza, kwa sababu maandishi ya programu yake yalikuwa yamefichwa. Mwenyewe amesimulia kwamba alimfuata mtu mmoja wa chuo kingine aliyekuwa nayo, na mtu yule akamkatalia kwa kuwa alikuwa ametia sahihi mkataba wa kutoitoa. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo mzima ulio huru. Mengi tunayoyaita leo programu huria yalianzia kwenye hasira ya printa iliyokwama, jambo ambalo mwalimu yeyote mwenye mitihani ya kuchapa atalielewa.

Kerneli yenyewe ilikuja baadaye. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaunda mfumo wake, akisema ni kwa kujifurahisha tu. Leo maandishi ya kerneli hiyo yamepita mistari milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni draiva. Kwa hiyo mtu akikuambia anafanya kazi kwenye kerneli ya Linux, uwezekano mkubwa anashughulika na draiva ya kitu fulani.

Hasara ya kutegemea mkalimani wa mtu mwingine

Kuna kisa kimoja tunapenda kukitaja kwa sababu kinahusu waya uleule tuliouzungumzia kwenye mizani. Waya wa kuunganisha vifaa vya zamani na tundu la USB huwa na chipu ndogo ndani yake. Moja ya kampuni zinazotengeneza chipu hizo ni FTDI ya Glasgow, Uskoti. Chipu zake zimeigizwa sana, na nyaya bandia zimeenea duniani kote. Mnunuzi wa kawaida hana namna ya kujua.

Oktoba 2014 kampuni hiyo ilitoa draiva mpya ya Windows, ikaingia kwenye kompyuta za watu kupitia masasisho ya kawaida. Draiva hiyo ikikutana na chipu ya kuigiza ilikuwa inaibadilisha namba yake ya utambulisho kuwa sifuri, na tangu hapo kompyuta haikuitambua tena. Watu waliamka na kukuta nyaya zao zimekufa. Makelele yalikuwa mengi na draiva ile ikaondolewa. Unaweza kusema kampuni ilikuwa inalinda mali yake, na ni kweli wizi wa kuigiza unaumiza. Lakini aliyeadhibiwa ni yule aliyenunua waya dukani kwa nia njema. Draiva ya Linux ya chipu zilezile, iliyoandikwa na watu wengine na iliyo wazi kusomwa na yeyote, haikufanya hivyo.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye ofisi za shule. Microsoft ilifikisha mwisho wa msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Printa na skana za miaka mingi nyuma nazo, kampuni zilizozitengeneza haziziandikii tena draiva mpya. Vifaa hivyo vinapelekwa stoo vikiwa vizima. Kwenye Linux draiva ikishaingia ndani ya kerneli inaendelea kutunzwa maadamu kuna mtu anayeitumia na anayekubali kuishughulikia, hata kama kampuni imeshasahau. Si vifaa vyote vinavyofanya kazi, tusidanganyane. Kadi nyingine za Wi-Fi ni mtihani, kwa sababu zinahitaji programu ya ziada inayokaa ndani ya kadi yenyewe na ambayo maandishi yake hayako wazi. Tangu Debian 12 ya Juni 2023 programu hizo za ziada zinakuja pamoja na diski ya kusimikia, na tatizo limepungua sana.

Afrika Mashariki si ngeni kwenye mambo haya. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na mradi wa Kilinux wa kuziweka programu huria katika Kiswahili, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu yenye menyu za Kiswahili. Mwaka 2013 wahandisi wa Nairobi walionyesha BRCK, kisanduku cha intaneti kilichobuniwa kwa ajili ya mahali umeme unapokatika na mtandao unapoyumba. Ndani yake kuna Linux. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kubuniwa na mtu asiyejua draiva zinavyofanya kazi, maana laini, betri na antena lazima vyote vielewane.

Kazi yenyewe ikoje

Tuseme umechomeka waya wa USB. Kitu cha kwanza kinachotokea ni kifaa kujitaja. Kila kifaa cha USB kina namba mbili: ya kampuni na ya bidhaa. Chipu ya CH340 ya Kichina, ambayo utaikuta kwenye nyaya nyingi za bei nafuu, hujitaja kwa 1a86 na 7523. Kerneli inachukua namba hizo na kuzipitisha kwenye orodha za draiva zake zote, kama mwenyekiti anayesoma majina kwenye mkutano wa kijiji. Draiva yenye namba hizo kwenye orodha yake inaitika. Kisha inapewa nafasi ya kukikagua kifaa, kukiandaa, na kufungua mlango ambao programu nyingine zitakitumia. Kwenye Linux mlango huo huonekana kama faili. Waya wetu utaonekana kama /dev/ttyUSB0, na programu ikilisoma faili hilo inasoma kile mizani inachosema.

Baada ya hapo kuna kungoja. Mizani haisemi kila wakati. Njia moja ni draiva kuuliza kila mara: kuna kitu? kuna kitu? Hiyo inachosha kompyuta na inamaliza betri. Njia bora ni kukiacha kifaa kibishe hodi. Kifaa kikiwa na habari kinatuma ishara, kerneli inaacha ilichokuwa inafanya kwa nukta ya muda, inampokea mgeni, inarudi kazini. Kuandika sehemu hiyo ya kupokea hodi kunahitaji nidhamu. Inatakiwa iwe fupi mno, kwa sababu unapompokea mgeni mmoja wengine wako nje wanangoja.

Tabia nyingine za kerneli zinawashangaza waliozoea programu za kawaida. Kumbukumbu uliyoazima lazima uirudishe mwenyewe, hakuna wa kukukumbusha. Ukiazima jembe kila asubuhi bila kurudisha, mwisho wa mwezi kijiji hakina jembe, na kompyuta inasimama. Pia hesabu za desimali kwa kawaida hazifanywi ndani ya kerneli. Uzito wa kilo 47.5 utaandikwa gramu 47,500, namba nzima, na nukta itawekwa baadaye na programu iliyo nje. Na kuna suala la zamu. Sehemu mbili za kompyuta zikiingia kwenye kumbukumbu moja kwa wakati mmoja, ni kama watu wawili wanaovuta ndoo moja kisimani kwa kamba mbili. Draiva inafunga mlango kwa kufuli, inafanya kazi yake, inafungua. Makosa ya kufuli ndiyo magumu kuyapata kuliko yote, kwa sababu hutokea leo, kesho hayatokei, na keshokutwa yanatokea mbele ya mgeni.

Lugha inayotumika ni C, lugha ya tangu miaka ya 1970. Tangu toleo la 6.1 la Desemba 2022 kerneli imeanza kupokea pia lugha ya Rust, ambayo inazuia baadhi ya makosa ya kumbukumbu kabla hayajatokea. Kwa anayeanza leo, sisi tungeshauri C kwanza, kwa kuwa karibu kila draiva utakayoisoma imeandikwa kwa C.

Utafanya nini ukiwa na simu tu

Mengi kuliko unavyodhani, lakini si yote. Kuna programu ya simu za Android inaitwa Termux, ambayo hupatikana kwenye duka la programu huria la F-Droid. Inakupa mstari wa amri kama wa kompyuta ya Linux. Ukiweka ndani yake clang, ambayo ni programu ya kugeuza maandishi ya C kuwa programu kamili, unaweza kuandika C, kuijaribu na kukosea hata ukiwa shambani, bila intaneti. Miezi mitatu au minne ya mazoezi hayo haipotei bure. Zingatia zaidi mambo matatu ya C: vielekezi, yaani namba zinazosema kitu kiko wapi kwenye kumbukumbu; miundo inayofunga taarifa kadhaa pamoja; na kushughulika na biti moja moja. Draiva nzima imejengwa kwa hayo. Kuandika kwa vidole kwenye kioo kunachosha, lakini kibodi ndogo ya USB yenye kiunganishi cha OTG inasaidia sana.

Usichoweza kukifanya kwenye simu ni kupakia draiva yako kwenye kerneli ya simu. Watengenezaji wameifunga. Kuna njia za kuifungua, lakini ukikosea simu inakufa, na simu hiyo ndiyo M-Pesa yako na ndiyo mawasiliano ya nyumbani. Usijaribu.

Hatua inayofuata inataka kompyuta. Haihitaji kuwa mpya. Laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 4 inatosha, na kama hauna, vijana watatu wanaweza kuchangia moja. Ndani yake weka Debian au Ubuntu. Halafu, kabla ya kuandika mstari wowote wa kerneli, weka programu inayoitwa QEMU. Hiyo hutengeneza kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Draiva yako ikiua kompyuta ya bandia, unaifunga na kuiwasha upya, na laptopu haijadhurika. Wanaojifunza bila kitu hiki huishia kupoteza mafaili yao, na wa kwanza kupotea huwa ni ule waraka wa shule.

Tuzungumze bando, kwa sababu ndilo linalokwamisha. Maandishi yote ya kerneli yaliyobanwa huzidi MB 100, na ukitaka pamoja na historia yake yote ni GB kadhaa. Huna haja nayo mwanzoni. Kwa draiva ndogo ya kujifunzia unahitaji kifurushi cha vichwa vya kerneli tu, kinacholingana na toleo linalotumika kwenye kompyuta yako, na hicho ni kidogo zaidi. Ukienda Mwanza au Bariadi mahali penye Wi-Fi nzuri, nenda na flashi na upakue vikubwa vyote kwa mkupuo mmoja.

Vitabu viwili viko bure na kwa haki. Cha kwanza ni Linux Device Drivers, toleo la tatu la mwaka 2005, cha Jonathan Corbet, Alessandro Rubini na Greg Kroah-Hartman. Ni cha zamani, mifano yake mingi haikubali tena kwenye kerneli za leo, lakini maelezo yake ya kwa nini mambo yako hivyo bado ni mazuri. Cha pili ni The Linux Kernel Module Programming Guide, ambacho kimesasishwa na mifano yake inafanya kazi. Tungeanza na hicho cha pili, kisha kurudi kwa cha kwanza pale jambo linapokuwa gumu kueleweka. Vyote ni vya Kiingereza, na barua zote za kazi hii ni za Kiingereza. Hilo ni kikwazo cha kweli kwa aliyesoma shule za kata, na hatuoni faida ya kulificha. Kiingereza chake hata hivyo ni kifupi na hurudia maneno yaleyale mia mbili au tatu.

Mizani ya uongo

Zoezi la kwanza kwenye vitabu vyote ni draiva inayosema "habari" ikipakiwa na "kwaheri" ikiondolewa. Unaipakia kwa amri ya insmod, unasoma ilichosema kwa dmesg, unaiondoa kwa rmmod. Ikiwa kompyuta inakataa ikilalamika kuhusu sahihi, angalia kwenye mipangilio ya kuwashia kompyuta kama Secure Boot imewashwa, maana hiyo huzuia draiva zisizotiwa sahihi. Wengi hukata tamaa hapo siku ya kwanza wakidhani wamekosea maandishi.

Zoezi la pili tunalipendekeza sisi kwa vijana wa huku: andika mizani ya uongo. Yaani draiva isiyo na kifaa chochote nyuma yake, inayofungua faili moja kwenye /dev, na kila ukilisoma faili hilo inakupa uzito, tuseme gramu 47,500. Kisha ifanye uzito ubadilike. Kisha ruhusu programu mbili zisome kwa wakati mmoja, uone kinachoharibika, uweke kufuli. Kisha iondoe huku programu bado inaisoma, uone kama kompyuta ya bandia itaanguka. Ukimaliza zoezi hilo umegusa karibu kila kitu tulichokieleza hapo juu, na hujatumia shilingi hata moja kununua kifaa.

Baada ya hapo soma draiva za kweli. Ya ch341, inayohudumia ile chipu ya Kichina, si ndefu sana, na mtu mwenye subira anaweza kuifuata mstari kwa mstari.

Kupeleka kazi yako

Hapa ndipo mtu wa Nassa anapokuwa sawa na mtu wa California kuliko mahali pengine pengi. Marekebisho ya kerneli hutumwa kwa barua pepe ya maandishi matupu, isiyo na picha wala rangi. Barua hiyo ni KB chache, inapita hata kwenye mtandao wa polepole. Hakuna anayeuliza cheti wala chuo. Kinachoulizwa ni kama maandishi yako ni sahihi, na utie jina lako chini kuthibitisha kwamba una haki ya kuyatoa.

Ndani ya kerneli kuna chumba kinachoitwa staging, ambamo draiva zisizo safi huwekwa zisubiri kurekebishwa, nyingi zikiwa na orodha ya kazi zilizobaki. Wengi huanzia humo, kwa kurekebisha nafasi, majina na mambo madogo. Kuna programu ya checkpatch inayokagua maandishi yako kabla hujayatuma, na nyingine inayokutajia wasimamizi wa sehemu uliyoigusa. Toleo jipya la kerneli hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi, kwa hiyo rekebisho dogo lililopokelewa halikai muda mrefu kabla ya kusambaa duniani.

Majibu yanaweza kuwa makavu. "Hapana, rudia" ni jibu la kawaida, na wanaopewa si wageni peke yao. Mzungu wa kampuni kubwa naye huambiwa hivyo. Rudia, tuma toleo la pili, taja ulichobadilisha.

Upo pia mpango wa Outreachy, unaotoa mafunzo ya kazi kwa njia ya mtandao kwa watu wasiopata nafasi sawa kwenye teknolojia, kwa muda wa miezi mitatu na malipo ya dola 7,000. Kerneli ya Linux ilianza kushiriki mwaka 2013. Ushindani wake ni mkali na waombaji hutakiwa kuonyesha kazi kabla ya kuchaguliwa, kwa hiyo usiungoje ndipo uanze kujifunza.

Kuhusu ajira, hatutakupamba. Matangazo ya kazi ya mwandishi wa draiva hapa Tanzania ni nadra. Lakini mashine za risiti za EFD, mita za luku, vifaa vya sola vya kulipia kidogo kidogo na vipimo vya hospitali vyote vina programu iliyo karibu na chuma, na anayeielewa huwa wa kwanza kuitwa vinapokwama. Kwa anayetaka njia ya darasani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya teknolojia ya habari pale Kijitonyama, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina ndaki yake.

Je, mizani ya pamba inahitaji draiva mpya?

Mara nyingi haihitaji, na hili ni jambo ambalo anayejifunza hulijua akiwa tayari ametoa jasho. Draiva ya waya imeshaandikwa zamani na imo ndani ya kerneli. Kilichobaki ni programu ndogo ya kawaida, nje ya kerneli, ya kusoma /dev/ttyUSB0, kuchambua maandishi na kuyahifadhi. Kanuni ya wazoefu ni kwamba kinachoweza kufanyika nje ya kerneli kifanyike nje. Draiva mpya huandikwa pale kifaa kinapokuwa hakina mkalimani kabisa.

Mambo matatu kabla hujagusa mizani ya chama chochote. Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na huwekewa lakiri. Usiifungue wala usiguse lakiri hiyo. Tumia tundu la nje tu, kwa idhini ya viongozi wa AMCOS, na jifunzie kwenye mizani isiyo ya kununulia. La pili, uzito kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta hakumzuii mtu mwenye nia ya kuchezea mizani yenyewe kabla namba haijatoka. Mkulima aendelee kutazama kioo na kudai stakabadhi yake. La tatu ni la kiufundi: kasi ya waya lazima ilingane pande zote mbili, mara nyingi ni 9600, na imeandikwa kwenye kitabu cha mizani. Ukiona herufi za ajabu badala ya namba, kasi ndiyo ya kukagua kwanza.

Na ukienda kununua waya, omba kuujaribu palepale kama muuzaji ana kompyuta yenye Linux, au nenda na yako. Chomeka, andika lsusb. Ukiona 1a86:7523 au namba nyingine ambayo kerneli inaifahamu, andika dmesg na mstari wa mwisho utakutajia ttyUSB0. Usipoona chochote, rudisha waya kabla hujaondoka dukani.